Nishani ya Nandi na mkono wa Koitalel

Wanaokusanya nishani za kijeshi husema kwamba nishani ya Afrika yenye kibao (kipande cha chuma utepeni kinachotaja vita) cha "Nandi 1905-06" haimsifu mtu kwa lolote. Ni ya kushiriki tu: alipewa ofisa wa Kiingereza, akapewa na askari wa Keya (jeshi la King's African Rifles), na jina la kila mmoja likachongwa ukingoni. Kwa hiyo, wanasema, tusiifanye nishani ya Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza aliyemuua Koitalel, kiongozi wa Wanandi wa Kenya, kuwa hukumu juu yake. Tena mabaraza matatu ya kijeshi yaliyomchunguza kwa kifo hicho yalimwondolea lawama.

Hoja hiyo ni ya haki hadi tutakapoitazama tarehe. Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) aliyeongoza upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza na reli yao kwa takriban miaka kumi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kukutana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Wanandi husimulia kwamba alipigwa risasi huku mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mgeni wake. Ofisa mwenyewe alidai kwamba alikuwa amewekewa mtego, naye akawahi. Lakini kibao kile kinauhesabu mwezi huohuo kuwa ni wa vita, na hapo ndipo ninapokwama: kama vita vilikuwa vimeanza, mwaliko wa amani ulikuwa wa nini? Na kama ulikuwa wa kweli, kifo hicho kimeingiaje katika hesabu ya vita?

Utetezi wa Meinertzhagen unategemea sana maneno yake mwenyewe, nayo hayana dhamana kubwa. Baada ya kifo chake mwaka 1967 wataalamu wa ndege waligundua kwamba baadhi ya ndege waliokaushwa katika mkusanyiko wake maarufu waliibwa katika makumbusho, wakabandikwa maelezo ya uongo kuhusu mahali walikopatikana. Aliyemsingizia ndege makazi asiyoyajua, sioni kwa nini tumwamini upesi kuhusu mtu aliyemuua.

Wakubwa wake nao walisitasita. Mwaka 1906 aliondolewa Kenya, kisha vita vikuu vikamrudisha Afrika Mashariki kama ofisa wa ujasusi, na mwaka 1916 akatunukiwa DSO (Distinguished Service Order), nishani ya utumishi uliotukuka ambayo hakuna awezaye kusema ni ya kushiriki tu.

Fimbo za uongozi za Koitalel zilirejeshwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Kichwa chake, ambacho Wanandi husema kilikatwa na kupelekwa hukohuko, wangali wanakidai.