Ripo moja, React mbili

Tuseme timu ndogo ya Ujiji ina programu mbili za simu: moja ya wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi, nyingine ya wenye maboti. Hesabu za mzigo ni zilezile, kurasa za kuingilia ni zilezile. Kuziandika mara mbili ni kujiongezea kazi, kwa hiyo vyote vinawekwa kwenye ripo moja, yaani hifadhi moja ya msimbo, na msimbo wa pamoja unakuwa pakeji inayounganishwa na programu zote mbili. Hapo ubishi unaanza: pakeji za nje zipandishwe juu kwenye folda moja ya node_modules, ambamo pakeji husakinishwa, au kila mradi ubaki na zake?

Njia ya mkato ni npm link, amri ya npm, chombo cha kusakinisha pakeji, inayoweka kiungo tu cha kuelekeza folda halisi ilipo. Kwa React Native, mfumo wa kutengeneza programu za simu kwa JavaScript, ilikuwa balaa kwa miaka, maana Metro, chombo kinachokusanya msimbo wa JavaScript kwa ajili ya simu, kilikuwa hakifuati viungo hivyo. Uwezo huo ulikuja ukiwa umekamilika kwenye toleo la 0.73 la React Native, Desemba 2023.

Ila kufuata kiungo hakumalizi shida. Metro ikishafika kwenye folda halisi, inatafuta mahitaji ya pakeji kuanzia hapo kwenda juu. Ikikuta React, maktaba ambayo React Native imejengwa juu yake, imesakinishwa humo, inaibeba, na programu imeshabeba ya kwake. React mbili kwenye simu moja hazipatani: hook (vitendakazi maalumu vya React) zinagoma, programu inaanguka. Ujumbe wa kosa hutaja sababu tatu, na hii ndiyo ya mwisho, kwa hiyo watu hupoteza mchana wakikagua msimbo usio na kosa.

Wanaopandisha kwa npm au Yarn, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, wana hoja nzito: React moja iko juu, kila mradi unaikuta. Kasoro yake ni ya kimyakimya. Pakeji inaweza kutumia kitu ambacho haikukitangaza, ikakipata kwa sababu tu jirani alikileta. Jirani akiondolewa, inavunjika. Upande wa Android nao una njia za mafaili za Gradle, chombo cha kujengea programu za Android, zilizoandikwa kwa kudhani node_modules imo ndani ya mradi. Hizo utazirekebisha kwa mkono.

pnpm, chombo cha tatu cha kusakinisha pakeji, inabana: kila pakeji inaona ilichotangaza tu. Wapo wanaoisifia kwa kuokoa bando, na Kigoma hiyo si hoja ndogo, lakini npm na Yarn nazo hutunza vilivyokwisha kupakuliwa. Faida ya kweli ni nafasi ya diski, kwani toleo moja hukaa mahali pamoja na miradi yote huligawana. Bei yake ni maktaba za React Native zinazotegemea mpangilio wa kupandisha. pnpm yenyewe imeacha mlango wazi, mpangilio wa node-linker=hoisted unaopandisha pakeji, jambo linaloonyesha ubishi huu haujaisha.

Kwa timu ya namna hiyo mimi ningepandisha, kwa sharti kwamba pakeji ya pamoja itangaze React na React Native kama peerDependencies, yaani mahitaji yanayoletwa na programu inayoitumia, na programu zote mbili zitumie toleo lilelile. Wakitumia Expo, zana za kurahisisha kazi ya React Native, kuanzia toleo lake la SDK 52 Metro hupangwa yenyewe kwa ripo ya aina hii. Programu moja ikilazimika kubaki toleo la zamani, hapo nitahamia upande wa pnpm bila kusita. Vyovyote iwavyo, kabla ya kugusa mipangilio ya Metro waendeshe npm ls react, au yarn why react, wahesabu nakala zinazotokea.