Kivuko cha nyumbu Mto Mara: sifa nyingi, kusubiri kwingi

Kwenye matangazo ya utalii, nyumbu wa Mto Mara, unaopita Maasai Mara nchini Kenya na kaskazini mwa Serengeti nchini Tanzania, wako hewani muda wote: wanaruka kutoka ukingoni, vumbi nyuma, mamba chini. Kisichoonekana ni saa zilizopita kabla ya hapo. Kundi la maelfu linaweza kusimama ukingoni tangu asubuhi, walio mbele wakateremka hadi majini, wakanusa, wakageuka, na jioni wote wakawa wanakula majani mbali na mto. Mgeni aliyepewa siku moja anaondoka na picha za migongo.

Kosa kubwa liko kwenye ratiba. Wengi hudhani nyumbu huvuka mara moja na kwisha. Kumbe kati ya Julai na Oktoba makundi huvuka kwenda na kurudi yakifuata mvua na majani mapya. Waliovuka leo kuingia Lamai, kaskazini mwa mto upande wa Tanzania, wanaweza kurudi Kogatende, kusini mwake, keshokutwa. Kwa hiyo tarehe ya kivuko haiuziki, na anayekuuzia anakudanganya. Anayelala Seronera, katikati ya Serengeti, akitegemea kwenda mtoni na kurudi siku hiyohiyo anajipunja zaidi: ni zaidi ya kilomita 100 za barabara ya vumbi kwenda tu, na inabidi ageuze gari kabla nyumbu hawajaamua lolote.

Kosa la pili ni la magari. Kundi zima humtazama nyumbu wa mbele. Gari likisogea ukingoni mapema linamshtua, au linaziba mahali pa kupandia ng'ambo, naye akigeuka wote wanageuka. Utaratibu unajulikana: kaa mbali na ukingo, zima injini, subiri hadi wa kwanza waogelee na wa nyuma waanze kusukumana, ndipo usogee. Lakini redio ya magari ikitamka "wanashuka", kila dereva anawahi nafasi ya mbele, na vumbi la magari ndilo linaloingia kwenye picha. Julai 2025 ilisambaa video ya watalii wa Kogatende walioshuka kabisa kwenye magari na kujipanga kwenye njia ya nyumbu.

Na kusubiri kuna bei. Upande wa Kenya, kuingia Maasai Mara, mgeni mtu mzima asiye mkazi analipa dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, mara mbili ya miezi sita ya mwanzo, na tiketi ni ya saa 12 tu.

Hata hivyo, wanaosema kivuko ni biashara ya maneno matupu nao wamepitiliza. Mwenye siku tatu au nne karibu na mto ana nafasi nzuri ya kukiona katika msimu huo, na akikiona haambiwi na mtu kwa nini kimesifiwa. Mlio wa nyumbu peke yake unajaza bonde. Tena kuna jambo ambalo picha za mamba zimelificha: kuzama na kukanyagana ni tishio kubwa kuliko mamba. Wastani wa zaidi ya nyumbu 6,000 hufia mtoni kila mwaka, na mizoga yao hulisha tai, mamba na samaki kwa wiki kadhaa. Hata siku isiyo na kivuko, hayo yapo mbele ya macho.

Mwenye siku mbili tu, au watoto wasioweza kukaa garini saa sita, afikirie Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi Februari. Nyumbu hao hao huwa wanazaa kwenye nyanda za majani mafupi, wengi ndani ya takriban wiki tatu; ndama husimama baada ya dakika chache, na fisi na duma hawako mbali. Mvua zikichelewa, makundi nayo husogea, lakini uwanda ni wazi na hakuna ukingo mmoja wa kugombania. Ila muulize mapema anayekuandalia safari gari litazunguka upande gani: Ndutu iko mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, mamlaka ni mbili, na ukivuka mpaka unalipa kiingilio kingine.