Kocha wa kupiga hahitaji jina, anahitaji jicho

Jamani kuna kitu kinanikera siku nyingi na leo nakiandika. Timu ikitafuta kocha, swali la kwanza la watu ni huyo naye alicheza wapi, alifunga mangapi, ana makombe mangapi, na kama hakuwa staa basi wanaguna. Kwenye soka ndo hivyo hivyo, na huku Marekani ninakoishi kwenye besiboli ndo usiseme, kwa sababu besiboli ni mchezo wa namba, kila ulichofanya uwanjani kimeandikwa na kinakufuata mpaka uzeeni. Mimi nasema watu wanakosea, na ushahidi wangu ni mzee mmoja wa besiboli anaitwa Charley Lau, aliyekuja kuwa kocha wa kupiga, yaani anayewafundisha wachezaji kuupiga mpira kwa gongo.

Lau alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayorushwa. Alicheza ligi kuu misimu 11, akapita Detroit, Milwaukee, Baltimore, Kansas City, na muda mwingi alikuwa wa akiba. Avareji yake ya kupiga ni 0.255, yaani chukua mara 1,000 alizosimama na gongo, zilizozaa hiti, yaani akaupiga mpira na kufika salama kituoni, ni 255. Homurani, yaani mipira aliyoipiga ikavuka ukuta wa uwanja, 16 maisha yake yote! Kuna wapigaji wanazimaliza hizo 16 kabla mwezi wa sita haujaisha.

Lakini ngoja. Mwaka 1962 akiwa Baltimore Orioles, kwa vile mambo yalikuwa hayaendi, akabadilisha kabisa namna ya kusimama, akatanua miguu, gongo akalilaza badala ya kulisimamisha wima kama wenzake, akawa hapigi tena kwa kukamia. Avareji ikapanda mpaka 0.294 msimu ule, na tarehe 13 Julai akapiga dabo 4, yaani mapigo ya kumfikisha mpigaji kituo cha pili, kwenye mechi moja, akaifikia rekodi. Mtu wa akiba huyo. Na hapo ndo nadhani ukocha wake ulipoanzia, maana yule aliyezaliwa na mkono mwepesi hana haja ya kujiuliza mguu unatua saa ngapi, ila Lau ilibidi ajifungue vipande vipande kama fundi anavyofungua injini, aangalie kila nati, halafu ajifunge upya.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo kwa sababu kocha wa kwanza wa mwanangu alikuwa amecheza kwa kulipwa, mtu mzuri tu, kipaji anacho mpaka leo, lakini mtoto akikosa mpira yeye anamwambia "uangalie mpira, upige mpira", basi. Akikosa tena, maneno ni yale yale. Mtoto alirudi nyumbani akaniuliza, baba, kwani mimi huwa naangalia nini? Sikuwa na jibu.

Rudi kwa Lau. Kansas City Royals walimfanya kocha wa kupiga miaka ya 70, na mwaka 1974 akakutana na kijana anaitwa George Brett, analinda besi ya tatu, yaani kituo cha tatu, anapigia kushoto, anaiga mkao wa Carl Yastrzemski wa Boston kwa sababu ndo aliyekuwa anamhusudu. Katikati ya msimu avareji ya Brett ilikuwa inazunguka kwenye 0.200, na kwa namba hizo kazi inaweza kukuponyoka. Lau akamchukua, mazoezi ya mapema kila siku kabla wenzao hawajafika vizuri, mkao mpya, uzito urudi nyuma kwanza ndo uende mbele, kichwa kitulie, macho yabaki pale gongo linapokutana na mpira hata kama mpira umeshaondoka. Na kile kitu ambacho ukitazama picha za Brett utakiona mara moja: gongo likishagusa mpira, mkono wa juu unaachia, gongo linamalizia safari kwa mkono mmoja. Ukijaribu mwenyewe na fimbo hapo ulipo utaelewa, ukiung'ang'ania ule mkono wa juu bega linakubana na gongo linakata kona mapema, ukiuachia gongo linanyooka kuelekea mpira unakotakiwa kwenda.

Msimu ule Brett alimaliza na 0.282. Mwaka 1976 akawa bingwa wa kupiga wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kwa 0.333, na aliyemfuata kwa unywele ni Hal McRae, mwenzake wa timu hiyo hiyo, naye mwanafunzi wa Lau! Wawili wa kwanza kwenye ligi nzima wametoka mikononi mwa mtu wa 0.255.

Wapo waliompinga, na hoja yao siidharau. Ted Williams, aliyepiga 0.406 mwaka 1941, alikuwa anafundisha kuzungusha nyonga na kupandisha gongo kidogo, na watu wa upande wake walisema Lau anaua nguvu, anatengeneza wapigaji wa mipira ya chini isiyovuka ukuta. Sasa Brett alimaliza na homurani 317 na hiti 3,154, na kijana Ron Kittle alipiga homurani 35 mwaka 1983 pale Chicago White Sox, kocha wa kupiga akiwa nani? Lau. Nguvu iliyouawa ni ipi hiyo?

Kitu kinachonigusa kuliko vyote ni Oktoba 1980. Lau alikuwa ameshaondoka Kansas City, hawakuelewana na meneja, akawa kocha wa kupiga wa New York Yankees. Hao hao Yankees waliowatoa Royals 1976, 1977 na 1978. Brett mwaka ule alikuwa amepiga 0.390, namba ya kutisha. Royals na Yankees wakakutana tena kugombea nafasi ya fainali. Mechi ya tatu, New York, ining ya saba (kipindi cha saba kati ya tisa), Yankees wanaongoza 2-1, Royals wawili wako kwenye besi, anarusha Goose Gossage ambaye mpira wake ulikuwa moto, na Brett akaupeleka kwenye jukwaa la juu kabisa, homurani, yeye na wale wawili wote wakaingia, pointi tatu. 4-2, Royals wakaingia fainali kwa mara ya kwanza. Yaani Yankees walikuwa wamemwajiri mwalimu, halafu mwanafunzi akaja kuwamaliza nyumbani kwao.

Lau alifariki Machi 1984 kwa saratani, ana miaka 50 tu, miezi michache baada ya White Sox kushinda mechi 99 na kuongoza divisheni yao. Mmoja wa vijana aliowafundisha pale, Greg Walker, baadaye naye akawa kocha wa kupiga wa White Sox hao hao, na mwaka 2005 wakachukua ubingwa.

Mwanangu sasa ana kocha mwingine, jina lake hulikuti kwenye rekodi yoyote. Wiki ya kwanza hakumruhusu kupiga hata mpira mmoja, alimsimamisha tu na gongo akazunguka nyuma, akazunguka mbele, akachuchumaa kuangalia miguu. Halafu akamwambia, kidole gumba cha mguu wa mbele kinafunguka kabla mpira haujafika, ndo maana unaukosa.