Ofisi za juu za chuo kikuu: vyeo vimeongezeka, uamuzi uko wapi?

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 13 wa sheria na utawala mdogo chini ya Mkuu wake, Cranford Pratt kutoka Kanada. Mitihani na shahada vilisimamiwa na Chuo Kikuu cha London, na kuanzia 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, kwa hiyo mambo mengi mazito yaliamuliwa nje ya Dar es Salaam. Leo chuo hicho kina Mkuu wa Chuo (cheo cha heshima), Baraza, Makamu Mkuu wa Chuo (kiongozi mtendaji), manaibu wake, marasi wanaoongoza ndaki, yaani makundi makubwa ya idara, maamidi wanaoongoza vitivo au shule, wakurugenzi na wakuu wa idara. Wapo wanaoona ongezeko hilo kuwa dalili ya kukomaa kwa taasisi, na wapo wanaoliona kuwa mzigo unaobebwa na darasa na maabara. Pande zote mbili zina hoja za kusikilizwa.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalikuja Julai 1970, chuo kilipojitegemea. Rais Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, na kiti cha Makamu Mkuu akakabidhiwa Pius Msekwa, aliyetoka kwenye nafasi ya Katibu Mtendaji wa TANU. Baada yake alikuja Ibrahim Kaduma, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Nicholas Kuhanga, aliyekuwa Waziri wa Elimu. Mantiki ya uteuzi huo haikuwa ya kijinga. Nchi changa ilikuwa inakijenga chuo kwa fedha za wananchi ambao wengi wao hawakuwa wameingia shule ya msingi, na ilikuwa haki yake kutaka kiongozi anayeelewa mipango ya taifa na anayeweza kuzungumza na Hazina bila kusubiri mlangoni. Lakini mtu wa namna hiyo hutazama kwanza juu kabla ya kutazama waliomzunguka. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, alimwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi akilalamikia namna utawala ulivyokuwa ukiamua mambo. Majibu aliyopata ni kuondolewa chuoni chini ya ulinzi na kurudishwa Kenya, jambo lililozua mgomo. Mwaka 1978 wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya viongozi, mamia walifukuzwa. Katika matukio yote mawili ofisi kuu ya chuo haikuonekana kuwa na nafasi ya kusimama kati ya Serikali na wanafunzi wake, kwa sababu haikuundwa kwa kazi hiyo.

Nairobi walipita njia inayofanana. Josephat Karanja, Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoka kwenye ubalozi London na baadaye akawa Makamu wa Rais. Philip Mbithi alitoka kwenye kiti hicho hicho mwaka 1991 akaenda kuongoza utumishi wa umma. Msekwa naye alikuja kuwa Spika. Siwalaumu watu hao kwa kupanda. Ninachosema ni kwamba ofisi iliyo kituo cha njiani kuelekea madaraka mengine haiwezi kutarajiwa kuugombeza mkono utakaoipandisha.

Kuanzia 1988, alipoteuliwa Geoffrey Mmari, kiti cha Dar es Salaam kimekaliwa na wanataaluma. Katika miaka ya 1990 ukuu wa chuo nao ulitoka kwa Rais aliye madarakani ukaenda kwa Paul Bomani. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2003, Rais Kibaki alipomteua Joe Wanjui kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Matthew Luhanga aliongoza Mlimani, kama chuo cha Dar es Salaam kinavyoitwa, kwa miaka 15 hadi 2006, na Rwekaza Mukandala akafuata kwa miaka 11. Muda huo mrefu una faida ambayo wakosoaji huisahau: mageuzi yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya mpango mkakati, vyanzo vya mapato na mfumo wa utawala, yasingefika popote kama kiongozi angebadilishwa kila baada ya miaka mitatu.

Katika mageuzi hayo ndipo ngazi ya pili ilipobadilika sura. Kwa miaka mingi Makamu Mkuu alisaidiwa na maofisa wakuu wawili, mmoja wa taaluma na mwingine wa utawala. Baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na Hati Idhini ya 2007, yaani hati ya kukiunda na kukiongoza chuo, nafasi hizo zikawa za Manaibu Makamu Mkuu wa Chuo, mmoja akishika taaluma, utafiti na ushauri wa kitaalamu, mwingine mipango, fedha na utawala. Baadaye utafiti ukatengwa na taaluma, ukapata naibu wake.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mgawanyo huu ulihitajika. Naibu mmoja anayesimamia mitihani, mitaala na udahili wa maelfu ya wanafunzi hawezi pia kufuatilia mikataba ya utafiti na wafadhili, yenye masharti ya fedha, maadili na hakimiliki. Jambo linalokosa mwenyewe ndilo linalokufa kwanza, na kwa muda mrefu katika vyuo vyetu jambo hilo lilikuwa utafiti.

Hata hivyo, tufuate dokezo moja, yaani ombi la maandishi linalopita ofisi kwa ofisi, tuone. Mhadhiri anaomba masurufu, fedha za kutangulizwa za kazi, ya kwenda kukusanya data vijijini kabla ya masika. Dokezo linaanzia kwa mkuu wa idara, linakwenda kwa rasi, kutoka hapo linapanda kwa naibu wa utafiti kwa sababu ni utafiti, kisha linavuka kwa naibu wa fedha kwa sababu ni fedha, na hatimaye linashuka kwa wahasibu. Kila ofisi inaandika maoni na kutia saini, na hakuna hata moja iliyofanya kosa. Mvua inaanza jalada likiwa bado njiani. Wanaotetea mfumo watajibu kwamba hatua hizo zinalinda fedha za umma, na ripoti za ukaguzi zinawapa haki ya kusema hivyo. Lakini ulinzi hautokani na wingi wa saini. Unatokana na mtu mmoja kuwa na mamlaka ya kuamua na wajibu wa kuujibia uamuzi wake, na hapo ndipo muundo wetu umelegea.

Tena muundo huo hujirudia kuelekea chini. Vyuo vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa, vilivyoanzishwa 2005, vina marasi wenye manaibu wao wa taaluma na wa utawala, kwa sura ile ile ya makao makuu. Kwa Mkwawa, iliyoko Iringa, ni jambo la lazima. Kwa ndaki zilizo kwenye kilima kimoja na makao makuu, kila cheo kipya kinapaswa kuthibitisha kwanza kazi isiyofanywa na mwingine.

Nairobi walijaribu kupunguza. Mwaka 2021 Baraza la chuo lilitangaza kufuta ndaki na nafasi za marasi na manaibu, na kuunganisha vitivo 35 kuwa 11. Waliounga mkono walitaja madeni ya chuo, na madeni hayo yalikuwa ya kweli. Wanataaluma walilalamika kwamba uamuzi uliowagusa wote ulifanywa bila wao, na mvutano ukafika mahakamani. Mwaka mmoja kabla, waziri wa elimu alikuwa amejaribu kutengua uteuzi wa kiongozi wa chuo hicho uliofanywa na Baraza, na mgogoro huo nao ukaishia mahakamani. Kuongeza vyeo na kupunguza vyeo vilitumia njia moja, ya amri kutoka juu.

Kwa maoni yangu, basi, idadi ya manaibu si kiini cha ugonjwa. Rais wa nchi ana haki ya kusema neno katika uteuzi wa kiongozi mkuu wa chuo cha umma, maana fedha ni za umma. Sioni haki hiyo ikishuka hadi kwa rasi na amidi. Hao wanaongoza wenzao katika kazi ambayo wenzao ndio wanaoijua, na wakiteuliwa tu bila kuulizwa wanaoongozwa, watajifunza kupeleka taarifa juu na maagizo chini. Zipo hoja dhidi ya uchaguzi: makundi ya kiukoo na kikabila huingia, na msomi mpole hushindwa na mwenye kelele. Hatari hiyo ipo, na tiba yake ni kamati ya uteuzi yenye wajumbe waliochaguliwa na idara, sifa zilizotangazwa mapema, vipindi visivyozidi viwili, na bajeti ya ndaki ambayo rasi anaweza kuidhinisha hadi kiwango kilichowekwa bila kupandisha dokezo ghorofani.