Seli zinazojiua: fundi wa mwili au askari wa kinga?

Mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Kigoma akiulizwa seli hufa kwa faida gani, mara nyingi atataja vidole. Mkono wa kijusi huanza ukiwa bapa, seli zilizo katikati hupokea amri ya kufa, vidole vinaachana. Jibu ni sahihi na alama anapata. Ninachobishana nacho ni picha inayobaki kichwani baada ya mtihani, kwamba kifo cha seli kilichopangwa ni kazi ya fundi anayechonga mwili. Ushahidi uliokusanyika tangu mwaka 2000 unanisukuma upande mwingine: kwa mamalia, mahali ambapo kifo hicho hakina mbadala ni kwenye kinga.

Tuanze na wanaotetea ujenzi, maana hoja zao si nyepesi. Karibu nusu ya seli za neva za mwendo zinazotokea kwenye uti wa mgongo wa kijusi hufa. Zinazofika kwenye misuli hupata protini za kuzitunza, na zilizochelewa hukosa. Mtazame na popo. Kwenye mkono wake, protini iitwayo Gremlini huzuia ishara za BMP zinazoamuru kifo, hivyo ngozi kati ya vidole inabaki na kuwa bawa. Mguu wa nyuma haupati kinga hiyo, ndiyo maana vidole vyake huko vimeachana kama vyetu. Mnyama mmoja, amri mbili.

Amri yenyewe hupitia familia ya protini za BCL-2. BCL-2 na MCL-1 huzishikilia BAX na BAK zisitoboe mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Hatari ikizidi, BIM na wenzake huwabana walinzi hao, BAX na BAK zinaachiwa, protini ya saitokromu c inavuja kutoka mitokondria, kimeng'enya kaspasi-9 kinaamka na kuiamsha kaspasi-3, na seli inakatwakatwa kutoka ndani. Panya asiye na BCL-2 figo zake hujaa vifuko vya maji, manyoya yanaota mvi na limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, zinapukutika. Ukimwondolea na BIM, matatizo hayo hayatokei. Kwa hiyo hakuna protini moja yenye kauli ya mwisho. Linaloamua ni uwiano wa wanaosukuma na wanaozuia.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba panya wasio na BAX na BAK wengi hufa karibu na kuzaliwa, lakini wachache hukua, wakiwa na ngozi kati ya vidole na chembe za damu kupita kiasi. Mwaka 2018 watafiti wakaondoa na BOK, ndugu wa tatu wa BAX na BAK, yaani njia ya mitokondria ikafungwa kabisa. Wengi walikuwa na kasoro za mstari wa kati wa mwili, kwa mfano kaakaa lililopasuka. Hata hivyo viungo vingi vilijengeka vizuri, na wachache sana walifikia utu uzima. Mtetezi wa fundi atasema: si umeona wengi wamekufa? Nimeona. Ila kama fundi mkuu ameondolewa na nyumba bado ina moyo, ini na mapafu, basi ukuu wake tuupunguze. Nakubali panya hao waliishi kizimbani, chakula tele na hakuna paka.

Kisa cha kaspasi-8 ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Ni kimeng'enya cha kuua, huamshwa na ishara za nje kupitia vipokezi vya juu ya seli kama Fas. Kijusi cha panya kisicho nacho hufa katikati ya mimba, na kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kudhani kwamba kilikosa kifo cha kukichonga. Mwaka 2011 ikabainika ni kinyume. Kaspasi-8 pia huizuia RIPK3, protini inayoanzisha nekroptosisi, kifo cha kelele ambapo seli hupasuka na kumwaga yaliyomo, na uvimbe unafuata. Kijusi kilikuwa kinakufa kwa kifo kilichozidi. RIPK3 ikiondolewa pamoja na kaspasi-8, panya huzaliwa, hukua na kuzaa. Halafu wakizeeka tezi za limfu zinavimba kwa limfosaiti zilizokataa kufa. Ujenzi ulivumilia, kinga haikuvumilia.

Kwa nini? Kinga huzalisha kwa kubahatisha, kisha huchuja. Zaidi ya asilimia 90 ya seli changa za T hufia kwenye tezi ya thaimasi, nyingi kwa kutofaa, nyingine kwa kuushambulia mwili wenyewe. Maambukizi yakiisha, seli za T zilizoongezeka nazo hufa kwa wingi. Watoto wenye hitilafu ya Fas huvimba tezi na bandama, na kinga yao huharibu chembe zao za damu. Hapo sijaona mbadala.

Askari huyo, hata hivyo, si wa kuaminiwa bila masharti, na mfano uko jirani, Hifadhi ya Gombe. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba SIV, virusi vya nyani vilivyo ndugu wa VVU, haviwadhuru sokwe. Mwaka 2009 utafiti wa Gombe ukaonyesha sokwe walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri uleule, na waliokufa walikutwa wamepungukiwa seli za CD4, zile seli za T zinazoongoza kinga. (Kwa wanaopenda kuunganisha: VVU vilivyoenea duniani vilitokana na sokwe wa Kameruni, si hawa wetu.) Kwa binadamu, mwaka 2014 ilionekana kwenye tishu za limfu za maabara kwamba zaidi ya asilimia 95 ya CD4 zinazokufa ni zile ambazo virusi viliingia lakini vikashindwa kuzaliana. Seli inanusa mabaki ya virusi, inaamsha kaspasi-1, inapasuka, na uvimbe unaita CD4 nyingine zije zife.

Je, tuizuie kaspasi-1? Maabara imeonyesha inawezekana, na wanaoitetea hoja hiyo wana mantiki. Mimi nasita, kwa sababu kengele hiyohiyo hupigwa bakteria wanapoingia. Bakteria wa kifua kikuu wenyewe huzuia apoptosisi, yaani kifo cha kimya kilichopangwa, ya seli walizojificha ndani yake, kisha hufaidika seli ikipasuka. Venetoklaksi, dawa inayoifunga BCL-2 ili seli za saratani ya damu zife, mara nyingi hupunguza pia chembe nyeupe zinazotulinda. Kwa VVU tunazo dawa za kufubaza zinazokomesha chanzo cha kifo hicho bila kugusa kengele, na mpaka atokee panya au nyani aliyezuiwa kaspasi-1 akaishi salama penye vijidudu vya kweli, nitabaki nazo.