Majani barabarani hayamo kitabuni

Nimeendesha gari Dar es Salaam miaka tisa. Nimepita Ubungo jioni mvua ikinyesha, nimepita Kariakoo mkokoteni mbele na bodaboda ubavuni, na sijawahi kugonga mtu. Halafu nikaja Milton Keynes, Uingereza, kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, na miezi 12 ilipotimia leseni yangu ya Tanzania ikawa haina kazi tena. Ndiyo sheria ya huku. Ukishakuwa mkazi unaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwenu mwaka mmoja, baada ya hapo unarudi kuwa mwanafunzi. Wenzetu wa Afrika Kusini na Zimbabwe wanaweza kubadilishiwa leseni zao bila mtihani, maana nchi zao zimo kwenye orodha. Tanzania na Kenya hazimo.

Nikalipa pauni 34 za leseni ya kujifunzia, nikabandika herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari, na tangu siku hiyo nikawa siwezi kutoka bila mtu wa kuketi pembeni yangu, mwenye miaka 21 au zaidi, ambaye naye amekaa na leseni miaka mitatu. Iliniuma sana. Kazi yetu inataka gari: saa moja asubuhi unamwogesha bibi huyu, nusu saa baadaye unatakiwa kwa babu yule upande wa pili wa mji kumpa dawa na uji. Zamu zangu zikapungua, na pesa ya kutuma nyumbani ikapungua nazo.

Lakini miezi mitatu niliyokaa na kitabu cha huku cha sheria za barabarani, Highway Code, imenibadilisha, na ndiyo maana naandika. Nyumbani tunafundishwa gari, hatufundishwi barabara. Wakati huohuo barabara zetu zina elimu kubwa mno, ila hakuna aliyeiandika.

Mimi nilijifunza kwenye chuo cha udereva cha mtaani kwetu. Mwalimu alikuwa mpole na gari alilijua: klachi, gia, kioo, kurudi nyuma katikati ya koni. Ukutani palikuwa na bango la alama za barabarani lililofubaa kwa jua hadi nyekundu ikawa ya pinki. Siku ya mtihani niliulizwa alama chache, nikarudi nyuma kati ya koni, basi. Hakuna aliyeniuliza gari linahitaji mita ngapi ili lisimame. Dada mmoja Mkenya ninayepanga naye nyumba anasema kwao walitahiniwa kwa ubao uliochorwa mji mzima, una barabara, mizunguko na maegesho, unasukuma kigari cha kuchezea kwa mkono huku unaeleza unafanya nini na kwa nini. Nilimwonea wivu. Angalau yeye mtu alimtaka aseme kwa nini.

Mtihani wa nadharia wa huku una sehemu mbili. Kwanza maswali 50 kwa dakika 57, na lazima upate 43. Kisha video 14 za mtaani zilizotengenezwa kwa kompyuta, zenye hatari 15, jumla alama 75, na lazima upate 44. Ukianguka sehemu moja umeanguka zote mbili, unalipa tena pauni 23. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka miwili, na usipokuwa umefaulu mtihani wa kuendesha katika muda huo unaanza upya.

Kilichonikamata mapema ni umbali wa kusimama. Kitabu kinasema gari likienda maili 30 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 48, karibu sawa na zile 50 zetu za kwenye makazi ya watu, linahitaji mita 23 mpaka lisimame kabisa. Mita 9 kati ya hizo zinapita kabla mguu haujagusa breki, ni za akili kuona na kuamua tu. Ukifika maili 70 ni mita 96. Mvua ikinyesha, zidisha mara mbili. Kukiwa na barafu, hata mara kumi. Nilisoma hayo usiku, na kesho yake nikitoka kazini nikapita kwenye maegesho ya supamaketi yaliyokuwa matupu, nikahesabu hatua ndefu 23 kutoka kwenye nguzo ya taa. Nilipogeuka kuitazama ile nguzo moyo ulishtuka. Miaka tisa nilikuwa najiambia breki zangu ni nzuri. Nilikumbuka watoto wa shule wa Mbagala wakivuka kwa kushikana mikono, mimi nikiwa nyuma ya daladala kwa umbali wa mikono miwili.

Hapo kuna jambo inabidi tulikubali. Ukiacha mita 23 mbele yako kwenye Barabara ya Mandela, zinaingia bajaji mbili, bodaboda tatu na daladala la deiwaka, yule dereva wa kibarua anayekimbilia hesabu ya tajiri. Kitabu cha huku kimeandikiwa barabara ambayo nafasi ukiiacha inaheshimiwa. Ndiyo sababu siungi mkono wanaosema tuchukue cha Waingereza tukitafsiri. Chao ni chao. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1931 kikiuzwa peni moja, na wameendelea kukirekebisha kadiri barabara zao zinavyobadilika. Mwaka 2022 waliongeza kanuni niliyoisoma mara tatu: anayeweza kumdhuru mwenzake zaidi ndiye anayebeba wajibu mkubwa zaidi. Lori kabla ya gari dogo, gari dogo kabla ya pikipiki, na wa mwisho kubebeshwa mzigo ni mtembea kwa miguu. Kwenye zebra dereva anatakiwa kumpisha hata yule ambaye bado amesimama ukingoni anasubiri. Kwetu mwenye gari kubwa ndiye mwenye njia, na mama mwenye beseni la ndizi kichwani atasimama kwenye zebra mpaka apate huruma ya mtu.

Mara ya kwanza nilianguka. Maswali nilipata 47, nikafurahi. Kwenye video nikapata 39. Nilitoka pale nikaketi kituo cha basi, sikuelewa, kwa sababu kama kuna kitu mtu wa Dar anakijua ni kuona hatari. Shida ilikuwa hiyohiyo. Kompyuta inakupa alama 5 ukibonyeza pale hatari inapoanza kujitokeza, halafu zinashuka hadi sifuri kadiri unavyochelewa. Ukibonyeza kabla ya hapo hupati kitu, na ukibonyeza ovyo ovyo video nzima inafutwa. Mimi nilikuwa nabonyeza mapema. Mtaa wa nyumba zilizoungana, gari la mizigo limepaki, nami nimeshabonyeza, maana kwetu nyuma ya gari lililopaki daima kuna mtu. Wao wanasema hapana, gari lililopaki peke yake si hatari bado. Linakuwa hatari likiwasha indiketa na gurudumu likaanza kugeuka.

Kilichoniokoa ni mjomba. Nilisoma sekondari Iringa, kwetu ni Morogoro, na kila likizo nilirudi nyumbani kwenye Fuso lake, mimi katikati, utingo dirishani. Alikuwa akiongea na barabara njia nzima. "Angalia chini ya basi, usiangalie basi," aliniambia pale Ruaha Mbuyuni basi liliposimama wauza vitunguu wakalizunguka. Chini ya basi unaona miguu. Miguu ikisogea kuelekea mbele ya basi, mtu anataka kuvuka, na utamwona akiwa ameshafika mbele yako. Nilipoanza mazoezi upya nilifanya hivyo. Nilibonyeza nilipoona gari la mizigo, nikabonyeza tena nilipoona viatu chini yake, mara ya tatu mwili ulipotokeza. Kubonyeza mara mbili tatu kwa kufuata hatari si kosa. Nilirudi nikapata 58.

Nikawa nawaza: huku serikali nzima imejenga mtihani wa kompyuta kupima kitu ambacho mjomba alinifundisha bure kwenye Fuso. Wao waliingiza mtihani wa video mwaka 2002, miaka sita baada ya kuanzisha mtihani wa nadharia. Sisi tunacho kitu hicho tangu zamani, lakini anakipata mwenye bahati ya kuketi karibu na mjomba. Asiye na mjomba anapata bango lililofubaa.

Na yapo mengi ambayo kitabu chao hakiyajui kabisa. Gari likiharibika kwenye mlima wa Kitonga, utingo anashuka, anakata matawi, anayatandaza barabarani kidogo kidogo kuanzia mbali, na kila dereva anayepanda au kushuka akiona majani anajua mbele kuna gari limelala. Huku kuna pembetatu ya kuakisi mwanga, unaiweka angalau mita 45 nyuma ya gari. Majani ni pembetatu yetu, na kwenye kona za Kitonga pengine yanafaa zaidi kwa sababu yanaanza mbali. Ila hayamo kitabuni. Kijana aliyepata leseni wiki iliyopita anaweza kuyakanyaga akidhani upepo umevunja mti. Mbaya zaidi, gari likishatengenezwa watu huondoka wakayaacha pale, na kesho yake anayekuja anayadharau.

Au chukua indiketa. Ukiwa nyuma ya lori kwenye njia ya Tunduma, dereva wake akiwasha ya kushoto anakwambia pita, kuko wazi. Akiwasha ya kulia anakwambia subiri, kuna gari linakuja. Ni wema mkubwa, umeokoa wengi. Lakini indiketa ya kulia hiyohiyo ndiyo ya dereva anayekata kulia kuingia kijijini, na ya kushoto ni ya anayetaka kupaki. Unaijuaje ipi ni ipi? Kwa uzoefu tu, na uzoefu wa kwanza unaweza kuwa wa mwisho. Taa ndizo zimezidi. Mtu akikupigia taa kwetu anaweza kumaanisha pita, usije, nakusalimu, taa zako zinaniumiza, au mbele kuna trafiki na tochi. Kitabu cha huku kina jibu moja: taa zinasema "nipo hapa", hazisemi kingine chochote, na usizichukue kama ruhusa. Hilo moja ningelichukua kama lilivyo, hata kesho.

Kuna kitu ambacho sisi tunacho na wao hawana. Huku zamani mtahiniwa aliweza kusikilizishwa maswali kwa lugha kadhaa za wahamiaji. Mwezi wa nne mwaka 2014 waliziondoa, sasa ni Kiingereza au Kiwelshi. Kazini kuna kaka mmoja Mkongo wa Bukavu, dereva mzuri kuliko mimi, aliyeanguka mara mbili kwa sababu ya maneno. Vivuko vya waenda kwa miguu huku vina majina ya wanyama na ndege, kila kimoja na kanuni zake, yeye akawa anatafuta ndege kwenye picha. Jumapili tatu mfululizo tulikaa jikoni kwangu, nikamweleza yote kwa Kiswahili, akinijibu kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Dada, kumbe ni hivyo tu?" alikuwa akisema. Mara ya tatu alifaulu.

Nyumbani hatuna kisingizio hicho. Dereva wa Mtwara na wa Bukoba wanaelewana. Mwaka 2021 Bunge lilishabadili sheria Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Kitabu cha barabara kwa Kiswahili cha barabarani, chenye kipilefti na mataa na kuovateki, chenye majani ya Kitonga na tembo wa Mikumi, kinachomwambia mwanafunzi mita zake na kumtaka aeleze kwa nini kabla hajapewa usukani, kingeeleweka na kila mtu kuanzia utingo hadi mkurugenzi. Kiuzwe bei ya soda. Na mtu asipate leseni mpaka akijue.

Nimeanza na daftari. Kila Jumapili mjomba ananitumia ujumbe wa sauti, mimi naandika. Wiki iliyopita nilimtumia swali la kwanza nililotunga mwenyewe: "Unapanda mlima. Umekuta matawi yametandazwa upande wako wa barabara. Utafanya nini?" Nikaweka majibu manne, kama ya huku.

Akajibu baada ya saa nzima, nyuma yake injini inanguruma. "Swali zuri mama, lakini halijakamilika. Hujasema ni mchana au usiku. Na hujasema majani ni mabichi au yamekauka."