Sanduku refu si sanduku lenye watu wengi

Mchoro wa sanduku na masharubu, ule wa takwimu unaoonyesha jinsi data ilivyotawanyika, unaonekana mwepesi mno, na ndiyo maana ni vigumu kumpata mtu atakayekiri kwamba hajui kuusoma. Sanduku, mstari ndani yake, kijiti huku na kijiti kule, pengine na nukta mbili tatu zilizojitenga pembeni. Mtu huutazama kidogo, huitikia kwa kichwa, hufungua ukurasa unaofuata. Mara nyingi ameusoma kinyume. Nasema hivi kwa kuwa nami niliusoma kinyume kwa muda mrefu, tena kwa kujiamini.

Jicho likiona sehemu kubwa hudhani ndani yake mna vitu vingi. Tumelizoesha hivyo kwa chati za nguzo, ambamo nguzo ndefu ina idadi kubwa. Kwenye sanduku hesabu haiendi hivyo. Kila kipande, yaani sharubu la chini, nusu ya chini ya sanduku, nusu ya juu na sharubu la juu, kimebeba takriban robo ya data. Kipande kikiwa kirefu, maana yake ni kwamba robo hiyo imetawanyika. Kikiwa kifupi, watu wake wamebanana. Kwa hiyo palipo refu ndipo penye nafasi tupu.

Naona kosa huanzia kwenye ufundishaji: tunaanza na picha badala ya foleni. Chukua watu 11 waliosubiri huduma fulani, na uwapange kwa dakika walizosubiri: 4, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12, 13, 15, 41. Wa sita, ukihesabu kutoka upande wowote, ana 10. Hiyo ndiyo mediani. Waliobaki chini yake ni watano, na wa katikati yao ana 7. Wa katikati kati ya watano wa juu ana 13. Basi sanduku linaanzia 7 na kuishia 13, mstari ukikaa kwenye 10. Hapo hujagusa kanuni yoyote, umehesabu vichwa tu.

Masharubu ndiyo yenye ujanja. Urefu wa sanduku ni 6. Mara moja na nusu ya 6 ni 9. Ongeza 9 juu ya 13 upate 22. Toa 9 kwenye 7 upate −2. Hizo ni nyuzio mbili, yaani mipaka isiyochorwa. Wengi huvuta sharubu la juu mpaka 22, na hapo ndipo wanapokosea: sharubu huishia kwa mtu wa mwisho aliye ndani ya uzio, naye ana dakika 15. Chini huishia kwa mwenye 4. Yule wa 41 anabaki nje, anachorewa nukta yake.

Uzuri wa mchoro huu ni kwamba nukta hiyo haiwezi kuliyumbisha sanduku. Wastani wa watu wetu ni kama dakika 12.4. Sema mwandishi aliteleza kidole, 41 ikawa 410: wastani unaruka hadi karibu 46, muda ambao hakuna hata mmoja aliyeukaribia isipokuwa huyo wa 41. Mediani inabaki 10, na sanduku halisogei hata kidogo. John Tukey, mwanatakwimu wa Marekani aliyeueneza mchoro huu kwa kitabu chake cha 1977, alitaka kitu cha aina hiyo hasa: picha inayochorwa haraka kwa kalamu, isiyotishwa na namba moja yenye fujo. (Haki itendeke: Mary Eleanor Spear alikuwa amechapisha mchoro unaokaribiana nao mwaka 1952, ila hatajwi sana.)

Kuna tabia moja inayonikera, ya kufuta nukta zilizo nje ya uzio kwa kisingizio cha kusafisha data. Uzio hauna uwezo wa kutambua kosa. Hata data safi kabisa, yenye umbo la kengele (thamani nyingi katikati, chache pembeni), hutupa nje takriban asilimia 0.7 ya thamani zake. Ukiwa na vipimo 10,000, tarajia nukta kama 70 bila mtu yeyote kukosea chochote. Nukta inakuambia nenda ukaangalie, basi.

Tena msishangae programu mbili zikichora masanduku tofauti kwa data ileile. Nilipogawa nusu hapo juu nilimwacha nje mtu wa katikati. Ukimhesabu pande zote mbili, sanduku letu linakuwa 7.5 hadi 12.5. Excel yenyewe hukupa uchague njia mojawapo. Kwa data nyingi tofauti hii haionekani. Kwa watu 11 inaonekana.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Sanduku linaficha umbo. Fikiria mtihani ambao nusu ya wanafunzi wamepata karibu na 30, na nusu nyingine karibu na 70. Sanduku litatanda kati ya makundi hayo mawili, na mstari wa mediani utakaa karibu na 50, mahali pasipo na mwanafunzi hata mmoja. Msomaji atasema darasa ni la wastani, kumbe ni madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Dalili ya kukushtua ni sanduku nene lenye masharubu mafupi mno. Nayo haikuhakikishii kitu, kwani data iliyosambaa sawasawa nayo hufanana na hivyo kidogo. Idadi pia imefichwa: sanduku la watu 8 na la watu 8,000 yanaweza kulingana kama mapacha.

Kwa hiyo mimi huutumia kwa kazi moja: kulinganisha makundi mengi kwa mpigo. Masanduku 12 ya miezi 12 yakisimama bega kwa bega hayana mpinzani. Jaribu kuweka histogramu 12 (chati za nguzo zinazoonyesha umbo la data) mahali hapo uone utakavyochoka. Kundi likiwa moja tu, au data ikiwa chini ya 20 hivi, sioni sababu ya sanduku. Chora nukta zote, nafasi ipo. Na hata kwenye yale 12, huwa naandika idadi ya watu chini ya kila sanduku na kumwaga nukta hafifu juu yake. Nimeshaambiwa inachafua mchoro. Naendelea kuzimwaga.